Maji Ndani ya Gari: Kutafuta Yanakoingilia na Kuyazuia

Bodi ya gari haikuundwa kuzuia kila tone la mvua. Imeundwa kuyapokea maji na kuyapitisha hadi nje. Maji yanayoteremka kwenye kioo cha mlango huingia ndani ya mlango wenyewe kila mvua inaponyesha, kisha hutokea kwenye vitundu vilivyo kwenye ukingo wa chini. Yanayoteremka kwenye kioo cha mbele huingia katika mfereji uliofichwa chini ya vaipa na kumwagikia nyuma ya matairi ya mbele. Hata sanrufu isiyo na kasoro hupitisha maji kidogo pembeni mwa mpira wake. Maji hayo hukusanywa na trei inayoizunguka na kushushwa na mirija inayopita ndani ya nguzo za gari.

Kwa hiyo kapeti likiloweshwa na mvua, ama njia ya maji kutokea imeziba, ama kizuizi kinachotenga njia hiyo na chumba cha abiria kimeachia. Tofauti hii ndiyo msingi wa kazi yote, maana tiba zake zinapingana: moja inataka kuzibua, nyingine inataka kuziba. Anayepaka silikoni kabla ya kujua tatizo ni lipi huweza kufunga tundu lililokuwa likimsaidia, na mvua inayofuata maji yakazidi.

KWA NINI JAMBO HILI LISIAHIRISHWE

Chini ya kapeti la gari kuna sponji nene. Kapeti linaweza kuwa kavu juu ilhali sponji imeshiba maji. Kiganja kikigandamizwa kwa nguvu ndipo maji huchomoza kati ya vidole. Pembeni mwa sponji hiyo, kando ya vizingiti vya milango, hupita mafungu ya waya, na chini ya viti vya mbele kuna soketi za mikanda na za mifuko ya hewa. Soketi iliyokaa majini huota kutu ya kijani polepole, kisha miezi baadaye taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi bila mtu kukumbuka mvua iliyoanzisha yote. Bati la sakafu nalo huliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo rangi ya nje haionyeshi dalili yoyote.

Magari mengi ya Afrika Mashariki huingizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kenya, ambayo inakataza kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, bado hupokea magari ambayo mipira yake imeshaanza kukakamaa, na baada ya hapo hukaa kwenye jua la hapa miaka mingine mingi. Uvujaji katika magari hayo si ajabu wala si aibu, na sehemu kubwa yake hurekebishika kwa bisibisi, tochi na subira.

KWANZA, NI MAJI GANI?

Si maji yote ya kwenye kapeti yametoka mawinguni. Kabla ya kufungua chochote, aina tatu zitofautishwe.

Maji ya AC. AC ikifanya kazi hutengeneza maji, na kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar huyatengeneza kwa wingi. Katika magari mengi ya usukani wa kulia, kifaa kinachopoza hewa kiko nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa kushoto, na maji yake hutoka kwa mrija mfupi wa mpira unaochungulia chini ya gari. Mrija ukiziba, maji humwagikia miguuni pa abiria wa mbele. Maji haya ni safi, hayana rangi, na huonekana hata siku ya jua kali. Jaribio ni rahisi: AC iwashwe kwa robo saa gari likiwa limesimama. Pasipodondoka tone lolote chini ya gari na kapeti la kushoto limelowa, mshukiwa amepatikana.

Maji ya hita. Hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya dashibodi. Ikitoboka, humwaga kulanti: huwa na rangi, huteleza kati ya vidole, harufu yake ni tamu, na huacha utando wa mafuta upande wa ndani wa kioo cha mbele. Lakini gari linalojazwa maji matupu kwenye rejeta, kama yalivyo mengi, halitatoa rangi wala harufu. Hapo kipimo ni tanki la akiba la rejeta: kiwango kikishuka kila baada ya siku chache na hakuna tone chini ya injini, hita ichunguzwe. Kulanti isionjwe, na watoto na wanyama waiepuke, kwa kuwa ni sumu.

Maji ya mvua au ya kuoshea gari. Haya ndiyo yanayohitaji upelelezi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inayahusu.

DALILI NA MAHALI PA KUANZIA

• Kapeti la mbele upande mmoja, baada ya mvua: mfereji wa chini ya vaipa, kisha kioo cha mbele.
• Kapeti karibu na mlango, mbele au nyuma: plastiki iliyo ndani ya mlango.
• Kitambaa cha dari au cha nguzo kina doa: mirija ya sanrufu, keria ya juu au kitako cha antena.
• Maji kwenye shimo la tairi la akiba: taa za nyuma, mpira wa buti, matundu ya hewa nyuma ya bampa.
• Kapeti hulowa baada ya kupita kwenye madimbwi tu: vizibo vya sakafu au kutu.
• Dari la nyuma hulowa baada ya kuosha kioo cha nyuma kwa kitufe: mrija wa maji ya vaipa ya nyuma umechomoka.

Orodha hii ni ya kuanzia tu. Maji hufuata waya, ukingo wa bati na mteremko wa mahali gari lilipoegeshwa, hivyo yanaweza kuingia kwenye nguzo ya mbele na kuonekana miguuni pa abiria wa nyuma. Panapolowa zaidi ni mahali pa chini kabisa, na huenda pasiwe karibu na mahali maji yalipoingilia.

KUPELELEZA KWA MAJI

TAHADHARI. Katika magari mengi soketi za njano chini ya viti na kandokando ya usukani ni za mifuko ya hewa. Kiti kikihitaji kutolewa, funguo ziondolewe, waya hasi wa betri utenganishwe, na kazi isubiri muda uliotajwa katika kitabu cha gari, au angalau dakika kadhaa, kabla ya kugusa soketi hizo. Gari lisiwashwe wakati soketi ziko wazi, la sivyo taa ya onyo itabaki ikiwaka.

Kazi inahitaji watu wawili, mpira wa bustani usio na pua ya shinikizo, tochi, tishu kavu na poda. Mashine ya kuoshea magari haifai. Shinikizo lake husukuma maji hata kwenye mpira mzima na kumpoteza mtafutaji.

1. Sehemu iliyolowa ikaushwe kwa taulo. Vizingiti vya plastiki vya milango vitolewe na kapeti linyanyuliwe hadi bati lionekane.
2. Tishu zibandikwe kwenye maungio ya bati, au poda inyunyizwe kidogo. Poda huonyesha mchirizi wa tone hata baada ya maji kupita.
3. Mtu mmoja aketi ndani, milango na vioo vikiwa vimefungwa, akimulika kwa tochi.
4. Wa nje aanze chini: maji yaachwe yatiririke taratibu kwenye sehemu moja tu kwa dakika 5 hadi 10. Pakiwa pakavu, apande hatua moja juu: mlango, mfereji wa vaipa, kioo, paa mwishoni.
5. Tone la kwanza likionekana, mpira wa maji usimamishwe na njia ya tone ifuatwe kurudi juu kadiri jicho linavyofika.
6. Mahali hapo paandikwe kwa chaki au utepe, kisha jaribio lirudiwe baada ya kukausha. Tundu halikubaliwi kuwa ndilo hadi livuje mara mbili.

Kosa linalopoteza siku nzima ni kuanzia juu. Maji ya paani hulowesha kila kitu kilicho chini yake, na kuanzia hapo haiwezekani tena kujua yameingilia wapi.

Uvujaji mdogo usiojitokeza kwa maji unaweza kukamatwa kwa hewa. Feni ya gari iwekwe kwenye kasi ya mwisho ikivuta hewa ya nje, vioo vifungwe, kisha povu la sabuni lipakwe kwa nje kwenye ukingo wa kioo, taa na mipira ya milango. Hewa inayotoroka hutengeneza mapovu. Matundu ya hewa nyuma ya bampa yatatoa hewa pia, na hiyo ndiyo kazi yake.

Mpira wa mlango hupimwa kwa kipande cha karatasi: mlango ufungwe juu yake, kisha kivutwe. Karatasi inayotoka bila kukazwa inaonyesha mpira umebonyea au mlango umelegea kwenye bawaba.

KUREKEBISHA

Mfereji wa chini ya vaipa

Gari linaloegeshwa chini ya mwarobaini au mwembe hujaza mfereji huu majani mabichi na makavu hadi yakageuka udongo. Nairobi, maua ya mjakaranda huanguka karibu na wakati ambapo mvua za vuli zinakaribia. Mfereji ukijaa, maji hupanda hadi kwenye tundu linaloingiza hewa safi, hupita kwenye feni ya AC na kushukia miguuni. Ndiyo sababu watu wengi hudhani AC imeharibika.

Mikono ya vaipa itolewe baada ya kuweka alama ya utepe kwenye kioo, kisha klipu za kifuniko cha plastiki zichomolewe. Uchafu uchotwe kwa mkono. Ukisukumwa kwa maji utakwenda kuziba matundu ya pembeni, ambako mkono haufiki. Mwisho jagi moja la maji limiminwe kila upande. Maji yote yaonekane chini, nyuma ya tairi la mbele, bila kusita.

Mlango

Hapa ndipo magari yetu yanapovuja zaidi kwa sababu ya mikono ya watu kuliko umri. Nyuma ya kava la mlango kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi ya butili, laini kama ubani uliotafunwa, isiyokauka. Maji yanayoingia mlangoni hugonga plastiki hiyo, huteremka, na ukingo wake wa chini, uliopenyezwa upande wa ndani wa bati, huyarudisha mlangoni ili yatokee kwenye vitundu. Fundi akifungua mlango kurekebisha mota ya kioo, kufunga spika au alamu, mara nyingi huichana, huirudisha bila gundi, au huitupa kabisa. Kava hurudi mahali pake, mlango unapendeza, na mvua ya kwanza kapeti linalowa.

1. Kava la mlango litolewe. Skrubu zake hujificha nyuma ya mkono wa kufungulia na chini ya kishikio.
2. Kioo kikiwa juu, maji yamiminwe taratibu kwa nje kwenye mstari ambapo kioo hukutana na mlango. Tochi ionyeshe yanapovuka.
3. Vitundu vya chini vizibuliwe kwa kijiti cha mti. Waya au bisibisi hukwaruza rangi na kualika kutu. Mlango unaotoa mlio wa maji gari likifunga breki una vitundu vilivyoziba.
4. Plastiki ikiwa nzima, gundi ya zamani isafishwe vumbi, ipashwe joto kwa jua au kikausha nywele, kisha igandamizwe tena.
5. Plastiki ikiwa imechanika au haipo, ikatwe mpya kutoka kwenye nailoni nzito ya ujenzi. Ile ya mlango wa upande wa pili, ikigeuzwa, ni kipimo kizuri. Ibandikwe kwa utepe wa butili pande zote, na ukingo wa chini uingizwe ndani ya bati.
6. Jaribio la maji lirudiwe kabla ya kurudisha kava.

Selotepu huachia wiki chache baadaye. Silikoni nayo huunganisha plastiki na mlango kiasi kwamba fundi anayefuata hana budi kuichana.

Mipira ya milango na buti

Mpira mchafu hauzibi vizuri; usafishwe kwa maji na sabuni kabla ya kuhukumiwa. Ukishakauka upakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida na oili ya injini zisiguse mipira hii, kwa sababu huivimbisha na kuilegeza. Mpira uliochanika au uliolala hauna dawa ila kubadilishwa, na wa gari kama hilohilo kutoka kwa wauza spea zilizotumika unafaa, mradi bado unarudi ukibonyezwa.

Sanrufu

Ifunguliwe na kikombe kimoja cha maji kimiminwe kwenye kila kona ya trei. Maji yakitoka chini ya gari, mrija ni mzima. Yakituama, mrija umeziba. Uzi mnene wa nailoni, kama ule wa mashine ya kukatia nyasi, upenyezwe polepole kutoka juu. Hewa ya kompresa isitumike. Inaweza kuchomoa mrija kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na badala ya mrija ulioziba ukapatikana mrija unaomwaga maji yote ndani ya gari.

Kioo cha mbele

Uvujaji hapa hutokea zaidi kwenye kioo kilichowahi kubadilishwa. Dalili zake ni doa kwenye kitambaa cha nguzo au maji yanayofuata waya hadi kwenye boksi la fyuzi. Kazi hii ni ya fundi wa vioo: kioo kitolewe, gundi ya zamani ikwanguliwe, kutu isuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, ndipo kioo kibandikwe kwa gundi ya yurethani iliyotengenezwa kwa vioo vya magari. Silikoni ya duka la vifaa vya ujenzi, ile yenye harufu ya siki, huharakisha kutu ya bati na haina nguvu inayotakiwa. Kioo cha mbele ni sehemu ya uimara wa gari, na katika ajali ndicho kinachoegemewa na mfuko wa hewa wa abiria. Gari lisiendeshwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye gundi kwisha.

Nyuma ya gari

Tairi la akiba litolewe na shimo lake likaushwe. Viti vya nyuma vilazwe ili mtu mzima aingie na tochi. Mtoto asifungiwe kwenye buti kwa kazi hii. Taa ya nyuma inayovuja ifunguliwe, sponji yake kuukuu iondolewe, na butili izungushwe bila kuacha pengo. Gari lililowahi kugongwa nyuma lichunguzwe kwenye maungio ya bati chini ya kapeti la buti: ufa huzibwa kwa sila ya bodi baada ya kusugua kutu, kamwe si juu yake.

Sakafu na vifaa vilivyoongezwa

Vizibo vya mpira vya sakafuni vikikosekana, vinunuliwe vya kipenyo kilekile. Sakafu iliyotobolewa na kutu inataka kuchomelewa bati. Lami na gundi hushikilia unyevu na kuficha uharibifu unaoendelea.

Waya wa alamu, wa kifaa cha kufuatilia gari au wa muziki unaopenyezwa kwenye ukuta wa injini huwa njia ya maji. Upitishwe ndani ya mpira unaoubana, na kabla ya tundu uachiwe kitanzi kinachoning'inia ili matone yadondokee hapo, yasiufuate hadi ndani. Bolti za keria ya juu zitolewe, zizungushiwe butili na kukazwa upya.

AC na hita

Gari likiinuliwa, likae juu ya stendi, si jeki pekee. Mrija wa AC uzibuliwe kwa uzi laini wa nailoni au kwa pumzi ya mdomo. Waya mgumu unaweza kutoboa kifaa cha kupoza na gesi ikapotea, hasara kubwa kuliko kapeti lenyewe. Hita iliyotoboka hubadilishwa gereji. Mafundi wengi huunganisha mipira yake miwili ili kuikwepa. Dar es Salaam hilo linavumilika, lakini Njombe au Limuru, asubuhi yenye baridi na ukungu, dereva ataikosa hita anapohitaji kusafisha kioo.

KUKAUSHA

Kukausha kuje baada ya chanzo kuzibwa na kujaribiwa, vinginevyo ni kazi ya kurudia.

1. Viti vitolewe kwa kufuata tahadhari ya betri.
2. Maji yakamuliwe kwa taulo na sponji, au mashine ya kufyonza maji. Mashine ya vumbi ya nyumbani ni hatari hapa.
3. Sponji ya chini ya kapeti ikiwa vipande, ianikwe juani. Ikiwa imegandishwa kwenye kapeti, kapeti zima litoke. Haikauki ikiachwa ndani na milango kufunguliwa tu, hata kwa wiki.
4. Bati likaushwe, kutu isuguliwe na kupakwa rangi.
5. Kuvu kwenye vitambaa ifutwe kwa maji ya sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji. Siki isikutane na dawa ya klorini, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.
6. Soketi zilizolowa zipulizwe dawa ya kusafishia umeme na ziachwe zikauke kabla ya betri kuunganishwa.
7. Kapeti lirudi baada ya sponji kuwa kavu katikati, si juu tu.

Gari lililozama kwenye mafuriko halihesabiwi hapa. Lisiwashwe hata kwa kujaribu. Livutwe hadi kwa fundi, kwa sababu maji yanaweza kuwa ndani ya injini, gia na kontroli boksi.

UKAGUZI KABLA YA MASIKA NA VULI

□ Mfereji wa vaipa hauna majani na jagi la maji linapita.
□ Vitundu vya chini vya milango yote viko wazi.
□ Mipira ya milango imesafishwa na kupakwa grisi ya silikoni.
□ Kikombe cha maji kinapita kwenye kila kona ya sanrufu.
□ Shimo la tairi la akiba ni kavu na halina kutu mpya.
□ AC inadondosha maji chini ya gari.
□ Kiganja kilichogandamizwa kwenye kapeti, pande zote nne, kinatoka kikavu.